Mbabula Isiingie Chumbani



Mwezi wa sita unakaribia. Mvua zimekwisha, nyasi zimeanza kukauka kandokando ya reli, na asubuhi ukungu hulala juu ya Lualaba hata wavuvi huonekana kuanzia kifuani tu, kana kwamba wanapita juu ya maji bila mitumbwi. Ndugu zetu wa Kamina, wanaokaa juu zaidi kuliko sisi, hutucheka tunapolalamika juu ya baridi. Husema kwamba mtu wa Bukama huita baridi kile ambacho wao wanakiita upepo mzuri. Wacheke. Saa tisa ya usiku, mama mwenye nyumba ya matofali na manjanja, asiye na blanketi la kutosha, na mtoto mchanga kando yake, hana haja ya kipimajoto ili ajue kwamba kuna baridi. Naye hufanya kile alichomwona mama yake akifanya: huingiza mbabula chumbani, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akalala.

Nataka kusema juu ya mbabula hiyo. Nasema kama katekista, na kama mtu aliyesomea ualimu, lakini kwanza kabisa nasema kama mtu aliyenyamaza siku aliyopaswa kusema.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa saba, niliitwa alfajiri kwenda kusali katika nyumba moja. Mama alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Kwa kumwogopea mtoto baridi, jioni walikuwa wamewasha mbabula nje, wakangoja makala yawe mekundu yasiyotoa moshi tena, kisha wakaiweka karibu na kitanda. Nilipofika, mama alikuwa ametolewa nje, amelazwa juu ya mkeka, akitapika na kulia kwamba kichwa kinapasuka. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na alama yoyote mwilini, hakuwa amelia usiku, wala jana yake hakuwa na homa. Wazee wakatazamana. Kabla ya saa sita mchana jina la shangazi mmoja wa upande wa baba lilikuwa limekwisha kutajwa: mjane mzee ambaye siku mbili kabla alikuja kumwona mtoto na kumpakata.

Mimi niliiona mbabula. Ilikuwa bado pale chumbani, imejaa majivu. Somo la kuungua kwa makaa nilikuwa nimelifundisha ubaoni miaka mingi, na kuwapa wanafunzi mtihani juu yake. Nilijua. Nikaongoza rozari, nikaketi pamoja na wanaume kuota moto wa kilio mpaka asubuhi, wala sikusema neno. Nilijiambia kwamba kilio si mahali pa masomo. Kwamba mama angeumia zaidi kuambiwa kwamba kilichomuua mwanawe ni moto ule alioutia kwa upendo. Kwamba Baba Padri atafika na yeye ndiye atakayesema. Mwezi haukuisha, yule shangazi akahama mtaa. Hakufukuzwa na mtu kwa maneno. Watu waliacha tu kumwitikia salamu, na watoto wakaanza kukimbia alipopita.

Basi niseme sasa, kwa kuchelewa, lile ambalo lingetosha kusemwa kwa dakika tano.

Makala yakiungua penye hewa ya kutosha hutoa hewa ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Lakini chumbani, mlango ukiwa umefungwa na dirisha limezibwa, oksijeni hupungua, na makala hayaungui kikamilifu. Hapo hutoa hewa nyingine iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ndani ya damu yetu mna kitu kinachobeba oksijeni kuipeleka mwilini, nacho huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko kinavyoishika oksijeni. Damu hujaa mzigo usiofaa, ubongo na moyo hukosa pumzi, na aliyelala huzidi kulala. Mwili wake haumwamshi, kwa kuwa hauhisi kukabwa. Mtoto mchanga hutangulia, na mtoto aliye tumboni yumo hatarini pamoja na mama yake.

Anayeamka huamka na kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu isiyo na nguvu. Sisi huita hali hiyo malaria na kutafuta dawa ya malaria. Tazameni alama hizi: kama watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja wameugua asubuhi ile ile, hawana homa, na wakikaa nje wanapata nafuu, na usiku mlikuwa na mbabula humo, msitafute mchawi. Fungueni milango yote, toeni watu nje, na aliyezimia apelekwe hospitali mara moja, na mwambieni mganga habari ya mbabula bila kuificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi: wazee wetu walilala na moto katikati ya nyumba, nao walizeeka. Ni kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa ya nyasi, na hewa ilipita kila upande, juu ya ukuta na kati ya nyasi zenyewe. Tena walichoma kuni. Kuni zina moshi, na moshi huchoma macho, hukohoza, humwamsha mtu atoke nje akitukana. Hata hivyo moshi ule nao uliwadhuru, ila polepole. Sisi tumejenga kwa matofali, tumeezeka manjanja, tumeziba nyufa kwa saruji na mifuko ya plastiki, tukaacha kuni na kuchukua makala kwa sababu eti ni safi. Tumeondoa kila kilichokuwa kinatuonya, tukaubakiza moto.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajafika umri wa miaka mitano. Wengi wa hao hawakufa usiku mmoja kama mtoto niliyemtaja. Waliuawa na moshi wa jikoni, mwaka baada ya mwaka. Papa Fransisko aliliweka jambo hilo mwanzoni mwa barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015: katika kifungu cha 20 anakumbusha kwamba watu huugua kwa kuvuta moshi mwingi wa vitu tunavyochoma ili kupika na kupata joto. Wako wanaoiona barua ile kuwa ya watu wa Ulaya wanaolia juu ya barafu. Wasome kifungu hicho. Kimeandikwa juu ya jikoni kwetu.

Sasa nije kwenye bei, kwa maana hapo ndipo tunapodanganyika.

Mbabula ya bati, ile inayofuliwa kutokana na pipa kuukuu au ukingo wa gurudumu la gari, hununuliwa kwa faranga chache. Mwanya wake ni mpana, ukuta wake ni mwembamba, na joto lake kubwa huenda pembeni na chini, si kwenye sufuria. Ndiyo sababu tunaipenda wakati wa baridi: inatoa joto ovyo. Lakini kila joto linalokwenda ovyo limelipiwa. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa mabati walianza kutengeneza jiko lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, kwa kuiga kwa sehemu majiko ya ndoo ya Tailandi. Udongo huzuia joto lisikimbie, na makala machache hukaa muda mrefu. Likitengenezwa vizuri hupunguza makala kwa theluthi moja, na mara nyingi zaidi.

Nifanye hesabu kama darasani. Jamaa inayomaliza mfuko mmoja wa makala kwa mwezi humaliza mifuko kumi na miwili kwa mwaka. Ikipunguza theluthi moja, imebakiza mifuko minne. Kila mmoja wenu anajua bei ya mfuko katika soko letu. Azidishe kwa nne, kisha alinganishe na bei ya jiko. Bwana wetu, katika sura ya 14 ya Luka, alimsema mtu anayeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi hatuketi. Hatuketi kwa sababu tunanunua makala kwa vifungu vidogo vya siku moja, na anayenunua kwa siku hana mahali pa kuona hesabu ya mwaka. Simlaumu maskini kwa hilo. Faranga za jiko zinatakiwa zote siku moja. Faranga za makala hutoka kidogo kidogo kama damu ya jeraha dogo.

Na tusiseme kwamba jiko la udongo ni kitu cha wageni. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika bonde hili hili la Upemba, wataalamu walianza mwaka 1957 kuchimba makaburi ya kale, mengi yakiwa ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Waliwakuta wazee wetu wamezikwa na vyungu vizuri vya kila namna, na kati ya vyungu hivyo yalikuwamo majiko madogo ya udongo ya kubebeka, ya aina ambayo wavuvi wanaweza kupikia ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo udongo tunao, mikono tunayo, na kumbukumbu iko chini ya miguu yetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza.

Miti nayo iingie katika hesabu. Tanuri letu la udongo porini hula kilo tano mpaka kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya makala. Lubumbashi huchukua makala yake mbali zaidi kila mwaka, kwa sababu miombo ya karibu imekwisha. Sisi bado tunaona miti tukitazama nje ya gari la moshi, tukadhani haitakwisha.

Mtu ataniuliza juu ya umeme. Lualaba hii, kabla ya kutufikia, imekwisha kuzungusha mitambo ya Nzilo na ya Nseke tangu miaka ya 1950, na tangu mwaka 1982 waya za Inga zimevuka zaidi ya kilometa 1,700 mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi. Maji yakishafanya kazi yao huko juu hutufikia sisi yakiwa baridi. Lawama hiyo ni ya haki, na tuendelee kuidai haki hiyo kwa wakubwa wetu. Lakini mtoto atakayezaliwa mwezi ujao hatangoja waya.

Hapa naomba msikilizwe neno moja hata kama mengine yatasahauliwa: jiko la udongo nalo litaua likiingizwa chumbani. Husema wauzaji wengine kwamba jiko bora halina hewa mbaya. Si kweli. Linakula makala kidogo, basi. Makala ni yale yale. Jiko bora ni la kupikia, nje au mahali penye hewa. Tukilinunua ili tulale nalo, tutakuwa tumebadili chombo na kuacha kifo mahali pake.

Joto la kulala litoke wapi basi? Litoke katika nyumba yenyewe, na katika nguo. Manjanja ndiyo adui mkubwa wa joto: mchana hutuoka, usiku hulimwaga joto lote angani. Lakini mito yetu imejaa mafunjo na matete, na mama zetu wanajua kusuka mikeka. Mikeka miwili ya mafunjo ikitandazwa chini ya manjanja, juu ya fito, hushika hewa katikati, na hewa iliyotulia ni blanketi la nyumba. Nimefanya hivyo katika chumba nilalamo. Tofauti inaonekana usiku wa kwanza, na mchana wa mwezi wa kumi inaonekana zaidi. Kitanda kisigusane na ukuta. Mkeka uwekwe chini ya godoro, kwa maana baridi nyingi hupanda kutoka chini. Tofali lililopashwa moto nje, likafungwa vizuri katika kitambaa kizito, hukaa na joto saa nyingi kwenye miguu ya mzee, na chupa ya maji ya moto vilevile. Majirani zangu walinicheka kwa habari ya tofali. Wawili wameacha kucheka.

Kwa mtoto mchanga kuna moto bora kuliko yote, nao hauna bei. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, mganga Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Akaagiza wawekwe uchi juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kwa nguo. Njia hiyo leo inakubaliwa duniani kote, hata kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana. Mwili wa mama ni jiko ambalo Muumba alilipima mwenyewe. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Najua wanaume wa kwetu wataona haya. Waone haya usiku, hakuna anayewatazama.

Yabaki mablanketi, na hapa nawageukia ninyi, wenzangu wa chama.

Katika kitabu cha kasha letu, mwaka uliopita, nilisoma majina ya marehemu tuliowasaidia. Tulitoa kwa ajili ya mbao za jeneza, kwa ajili ya chakula cha kilio, kwa ajili ya nguo za kumvisha maiti. Na ni vema: kuzika wafu ni tendo la huruma. Lakini katika orodha ile ile ya matendo ya huruma tunayowafundisha watoto, kuwavika walio uchi hutajwa kabla ya kuzika wafu. Nilitafuta neno blanketi katika kurasa zote za mwaka, sikuliona. Maiti tumemvika, aliye hai na anayetetemeka tumemwachia mbabula. Sheria ya Musa, katika sura ya 22 ya Kutoka, ilimwamuru aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ni hilo tu analojifunika usiku. Mungu hakuona haya kutia usingizi wa maskini ndani ya sheria. Na Papa Fransisko, katika kifungu cha 211 cha barua ile ile, anamsifu mwenye uwezo wa kutumia zaidi lakini akachagua kuvaa nguo nzito kuliko kuongeza moto nyumbani. Alikuwa anawaambia matajiri jambo la kiasi. Kwetu shauri hilo hilo ni la uhai.

Napendekeza hivi. Kabla ya mwezi wa tano kwisha, kila jumuiya iandike majina ya wajawazito, ya wenye watoto wachanga, na ya wazee wanaolala peke yao. Sehemu ya kasha, tuseme robo, inunue mablanketi na mikeka kwa hao kwanza. Kwa wengine, kasha likopeshe bei ya jiko la udongo, na mkopo urudishwe kwa faranga zile zile zilizokuwa zinakwenda kwenye makala, mwezi kwa mwezi. Wanaosema kwamba kasha litakauka, wakati wa kilio tutafanya nini, nawajibu kwamba nimeongoza vilio vingi hapa Bukama na sijaona maiti aliyelala bila kuzikwa kwa sababu ya kukosa robo.

Na makatekista wenzangu, tuseme. Semeni katika mafundisho ya ubatizo, wazazi wakiwa mbele yenu na mtoto mikononi. Yohane anataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza, sura ya 18, ni uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro akiota moto na kusema kwamba hamjui Bwana. Mara ya pili, sura ya 21, ni ufukweni asubuhi, na juu yake kuna samaki, na Bwana anamwita yule yule Petro aje ale. Sisi watu wa samaki huipenda sura ile ya mwisho. Mimi kwa miaka mingi nimekaa kwenye ile ya kwanza.

Kwaresima iliyopita nilikwenda hatimaye kwa baba wa mtoto yule. Nilimwambia yote, habari ya hewa na ya damu, na kwamba nilijua tangu asubuhi ile. Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kofia mikononi. Sikujua kama atanipiga au atanifukuza. Kisha akaniuliza jambo moja tu: «Na shangazi, umemwambia?»

Sikuwa nimemwambia. Anakaa sasa kwa mpwa wake, vituo viwili kwa gari la moshi kutoka hapa. Baada ya Pentekoste tutakwenda pamoja, yeye na mimi, na mama wa mtoto amesema atakuja.